Sponji Aliyeng'olewa Mzima

Duara safi kuzunguka tone la dawa, hilo tu ndilo mkemia alilolitafuta, maana palipo na duara, bakteria wamekufa. Lakini asubuhi hiyo visahani vyote vya bakteria vilikuwa safi kabisa, hata vile asivyovitia tone, na maabara ilinuka maji ya chumvi yaliyolala.

"Nilikwambia tumkate kipande, tuache shina mwambani," mzamiaji aliyemng'oa alinong'ona, macho kwenye jokofu alimohifadhiwa yule sponji, mnyama wa baharini. "Wale wa kule chini wana wenyewe."

"Na mimi nikakwambia sitaki kipande. Dada yangu anaoza mguu, wewe unaniletea habari za mashina."

Mbishi huyo, tangu utotoni. Kidonda cha dada yake kilikuwa kimeshinda kila dawa ya hospitali, na daktari alishasema mguu ukatwe. Basi mkemia akachuja maji ya sponji, akaenda kumdunga dada yake kwa siri, dawa ambayo hata panya hajaionja. Mungu amsamehe, mimi siwezi.

Kidonda kikafunga. Hapo ndipo mikwaruzo ilipoanza ndani ya jokofu, mchana kweupe, kama kucha zinazotafuta mlango, na maji ya chumvi yakatambaa sakafuni bila kumwagwa na mtu, nzi wakadondoka wakiwa bado wanaruka, ua la dirishani likanyauka, mpaka mkemia, aliyekuwa akicheka kila akisikia neno jini, akaenda mwenyewe kumpigia mganga magoti.

Mganga aliamuru mabaki yote ya sponji yarudishwe kwenye mwamba wake. Mzamiaji akayarudisha. Harufu ikakata, jokofu likanyamaza, mkemia akashusha pumzi.

Mganga hakushusha. "Amerudi nusu," alisema polepole. "Nusu nyingine mmeiweka wapi?"

Mkemia alishatoka mbio.

Alimkuta dada yake amekaa uani, mguu mzima, anatabasamu. Sisimizi walikuwa wamekufa kumzunguka, duara safi kabisa, na mtoto mdogo wa huyo dada alikuwa anamkimbilia, mikono juu, akitaka kubebwa.

"Mwanangu, njoo kwangu, kwa mama yako mdogo," mkemia aliita. "Rudi, usimguse mama."

Mtoto alisita, akamtazama mama yake.

"Mwache aje," dada alisema, na sauti haikuwa yake. Maji ya chumvi yalikuwa yanamtoka mdomoni. "Mimi nami sitaki kipande."