Herode Hakutolewa

Siku ya pili ya Krismasi, saa kumi na nusu jioni, giza la majira ya baridi likianza kuingia mjini Liège, Odile Rahier alishuka kwenye ukumbi wa vikaragosi wa marehemu baba yake kuwasha taa na kupanga mabenchi. Familia zilikuwa zimeshapanga foleni mlangoni. Lilikuwa onyesho la kwanza tangu mzee azikwe.

Nyuma ya jukwaa vikaragosi vilining'inia kwa vyuma vya utosini, vimepangwa kwa kimo: wachungaji wafupi, malaika, askari, na mwisho kabisa Herode. Mfalme lazima awapite wote. Herode alikaribia kimo cha Maëlle, bintiye Odile wa miaka sita.

"Leo Herode hatoki," Odile alimwambia Servais, mzee aliyemsaidia baba yake miaka hamsini. "Watoto wanakuja kula keki na kucheka. Siwaonyeshi askari wakiua vichanga siku ya sikukuu."

"Baba yako alikuwa haiachi sehemu hiyo."

"Baba alipenda kuliza watu, Mzee Servais. Mimi sipendi."

Servais akarudi kupanga askari. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ya siku ile alikuwa ameshayamaliza.

Onyesho likaanza vizuri. Wachungaji walitukanana, wakapigana vikumbo, watoto wakacheka mpaka wakakohoa. Odile alitoa sauti zote peke yake, kama mzee alivyofanya. Nyuma ya pazia lililochorwa Bethlehemu hakuweza kuuona ukumbi. Aliusikia tu, na kuunusa: makoti ya sufu yaliyolowa, keki za zabibu. Moyo ukamtulia.

Kabla ya kuwatoa Mamajusi, akapumzika kidogo. Ndipo aliposikia...

Tok. Tok.

Nyayo za mbao. Zilikuwa upande wa pili wa pazia, kule walikokaa watoto.

"Unaitwa nani?" sauti ikauliza, ya chini, kavu.

"Corentin," mtoto akajibu huku akicheka.

"Siye. Na wewe?"

"Aurore."

"Siye."

Wazazi nao walikuwa wakicheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Odile akatazama mikono yake. Ilikuwa mitupu. Akatazama juu.

Kulabu ya mwisho haikuwa na kitu.

"Anatafuta nini?" akamnong'oneza Servais.

Mzee hakuiondolea macho ile kulabu. "Alichonyimwa. Mara moja tu, mwaka wa mafuriko, padri alimsihi baba yako aiache ile sehemu. Akaiacha." Akamgeukia Odile. "Ulikuwa na kaka, binti. Lambert. Alikufa kabla hata ya Sikukuu ya Mamajusi, tarehe sita Januari."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Angeanzaje? Huyu huchukua kwenye nyumba ya aliyemnyima. Wa wengine hana haja nao."

Tok. Tok.

"Siye... Siye..."

Benchi la pili. Maëlle alikaa la tatu, karibu na ukuta.

Odile hakungoja. Alivuta sanduku la vichanga vya mbao, akashika askari wawili, akawasukuma jukwaani na kupaza sauti nzito ya baba yake: "Kwa amri ya Herode, asibaki hata mmoja!" Panga zikashuka. Vichanga vikaanguka kimoja kimoja. Ukumbini kilio kikazuka, na mama mmoja akasema kwa nguvu kwamba hii ni aibu tupu. Odile aliendelea, machozi yakimtoka, mpaka kichanga cha saba.

Kisha ile sauti haikusikika tena.

Akainua macho. Herode alikuwa kwenye kulabu yake, anayumba taratibu. Viatu vyake vilikuwa vimelowa theluji iliyoingia na watu.

Familia zilitoka kwa haraka, zikinung'unika. Odile hakuwajali. Alimkimbilia Maëlle, akapiga magoti mbele yake.

"Yule mfalme alikufikia?"

"Alinifikia. Akaniuliza jina."

"Ukamwambia?"

"Hapana. Si ulinikataza kumtajia jina langu mtu nisiyemjua?"

Odile nusura acheke kwa furaha. "Vizuri, mwanangu. Umefanya vizuri sana."

"Lakini alikataa kuondoka," Maëlle akasema. "Akasema lazima apewe jina la mtu wa nyumba hii. Nikamtajia lako." Mtoto akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Akasema, ndiye huyu. Akaondoka. Halafu ndipo ukaanza kupiga kelele."

Servais, aliyekuwa akizima taa, aliacha mkono wake hapo hapo ukutani.

Kufika Sikukuu ya Mamajusi zilibaki siku kumi na moja. Odile akamfunga binti yake vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Hofu ilikuwa imemjaa. Hata hivyo, akiwa pale pale magotini, alimshukuru Mungu kwamba jina lililotajwa lilikuwa lake, na alishukuru kwa moyo wake wote.