Swichi ya Miguu Sita

Siku ile uchochoro wa mafundi redio ulikuwa umechachamaa. Kila kibanda kilijaribu spika yake, kila spika ilishindana na ya jirani, na watu walipita bega kwa bega wakipigiana kelele kama viziwi. Katikati ya vurugu hiyo akaibuka kijana mrefu, shati la njano limemkaa sawasawa, gitaa amelikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Fundi yuko wapi?" akamuuliza msichana aliyeinamia redio, nywele kazifunga kwa kipande cha waya mwekundu.

"Kwani hapa unamwona nani? Paka?"

"Samahani, dada. Nilidhani..."

"Ulidhani fundi lazima awe na ndevu. Lete hilo gitaa."

Uchochoro mzima ulimwita Bi Mita, maana hakutoka bila mita yake ya mshale ya kupimia umeme hata akienda kununua sabuni. Kibanda kilikuwa cha mjomba wake, lakini siku hizi kazi kubwa ya mjomba ilikuwa kukaa kwenye stuli na kutoa maoni. Kijana naye alipiga gitaa la solo kwenye bendi, na wenzake walishasahau jina lake la nyumbani. Walimwita Solo, basi.

Tundu la kuchomekea waya lilikuwa limelegea. Bi Mita akalikaza kwa dakika tatu. Solo akapiga. Sauti ikatoka nyembamba, ya puani, kama mtu anayetaka kulia lakini anaona haya. Majirani wawili wakapunguza spika zao wasikie. Bi Mita akavitazama vile vidole, moyo ukamruka. Vidole hivi ni balaa, akawaza, ila gitaa lenyewe lina mafua.

"Nipe namba yako," Solo akasema, "likiharibika nikupigie."

"Halitaharibika."

"Basi nikupigie kukwambia halijaharibika."

Mjomba akacheka mpaka stuli ikalia.

Tangu hapo simu hazikuisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na uache kunipigia, nimeshika chuma cha moto!"

"Simu ishike kwa mkono mwingine, roho yangu."

Miezi minne ikaenda hivyo, tamu. Halafu Ijumaa moja Solo akaja mbio, hana pumzi. Mwenye studio mmoja mkubwa aliwasikia wakipiga harusini, akaupenda wimbo mmoja kupita kiasi. Amewapa Jumamosi, asubuhi mpaka saa sita. Wakimridhisha, anawatolea albamu nzima. Wakishindwa, kuna bendi nyingine inasubiri nje.

"Kitufe cha sauti kinakwaruza," Solo akasema. "Kisafishe tu, kipenzi. Kesho alfajiri nalipitia."

Bi Mita akalifungua gitaa, akakisafisha kitufe. Lilikuwa na pikapu mbili, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, ambazo hukaa chini ya nyuzi na kukamata mlio. Akaiunganisha ya kwanza na mita, akaigusisha bisibisi, kisha akaiondoa bisibisi ghafla. Mshale wa mita ukaruka kulia. Akafanya hivyo kwa ya pili. Mshale ukaruka kushoto.

"Ahaa! Nimekupata, mwizi wewe!"

Waya za pikapu ya pili zilikuwa zimegeuzwa. Zikilia pamoja, moja inasukuma huku nyingine inavuta, mlio mnene wote unaliwa, inabaki ile sauti ya puani. Akazichomoa, akazigeuza, akazichomea upya kwa lehemu inayong'aa. Akapiga nyuzi: sauti ikajaa kibanda, nono, nzito.

"Alikwambia ufanye hivyo?" mjomba akauliza.

"Ni zawadi, mjomba. Atashangaa!"

"Haya. Mimi simo."

Jumamosi saa tatu asubuhi simu ikalia.

"Umelifanya nini gitaa langu?"

"Umesikia lilivyonona?"

"Linalia kama gitaa la kila mtu! Mwenye studio anauliza ile bendi aliyoisikia harusini imekwenda wapi!"

"Solo, lilikuwa na kosa. Waya ziligeuzwa..."

"Nilizichomea mwenyewe miaka sita iliyopita, kwa kisu cha jikoni! Kosa hilo ndiyo sauti yangu!"

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Simu ikakatwa. Bi Mita akasonya, akasema "Kisu cha jikoni!" mara mbili, kisha machozi yakamtoka.

"Unalia nini, mwanangu?" mjomba akauliza. "Amekusingizia?"

"Hajanisingizia, mjomba. Ndiyo maana nalia."

"Sasa studio iko mwezini? Panda pikipiki!"

Akapekua droo, akachukua swichi ndogo ya miguu sita, chuma cha lehemu na keekee. Saa nne na nusu alikuwa mlangoni pa studio, gauni la bluu chini, aproni ya kazi juu, vumbi mpaka kwenye kope. Bendi nzima ilikuwa imenuna. Kiongozi wao, waliyemwita Kapteni, alikuwa anaitazama saa ya ukutani.

"Solo, nimekosa," Bi Mita akasema mbele ya wote. "Naweza kulirudisha lilivyokuwa, dakika tano tu. Au, ukiniruhusu, nitoboe tundu moja hapa kwenye bamba niweke swichi. Ukiipandisha, sauti yako. Ukiishusha, ile nene. Gitaa ni lako. Ukikataa, sitoboi."

Solo akalitazama gitaa. Akamtazama yeye.

"Toboa."

Keekee ikalia, vumbi jeupe la plastiki likaruka, Solo akafumba macho kama anayechomwa sindano. Miguu sita, matone sita ya lehemu, moshi ukapanda. Bi Mita akapima: juu, mshale kushoto; chini, mshale kulia. Akafunga skrubu ya mwisho.

"Piga!"

Ubeti ukaanza kwa ile sauti ya puani, yenye haya, yenye kilio. Mwenye studio akainua kichwa. Kilipofika kiitikio Solo akaishusha swichi, na gitaa likafunguka kama mlango uliopigwa teke. Mpiga ngoma akaruka kwenye kiti.

"Hiyo hiyo!" mwenye studio akapiga kelele. "Leo hata saa sita naisahau! Pumzikeni kidogo, kisha turekodi!"

Solo akamvuta Bi Mita ukumbini.

"Nisamehe nimekukatia simu."

"Nisamehe nimekufungua moyo kama redio ya mteja. Sitagusa tena kitu chako bila kukuuliza."

"Basi na mimi nikuulize. Nikuoe?"

"Hapa? Na aproni hii?"

"Hata ungevaa gunia!" Tayari alikuwa amepiga simu. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Gitaa limepona?"

"Limepona. Mjomba, nataka kumwoa mpwa wako."

"Yeye anasemaje?"

"Bado hajajibu."

"Sasa mimi unanipigia nijibu nini? Muulize mwenye mdomo!" Akakata.

Kapteni akachungulia, mlango akauacha wazi. "Solo! Tunakungoja!"

"Siendi, Kapteni. Kuna mtu sijasikia neno lake."

"Ndiyo!" Bi Mita akapaza sauti, akimsukuma kwa mikono miwili, anacheka, analia. "Ndiyo, nimesema ndiyo, nenda kapige!"

Maikrofoni zote za studio zilikuwa zimewashwa, na ile ndiyo ikasikika kwenye kila spika. Makofi ya bendi yakaanza kabla Solo hajafika mlangoni.