Zamu ya Pal

Asubuhi ile Pal alikula mandazi dukani kwangu mtaa wa Kanamkemer, akaomba chai ya pili, akanisihi niongeze sukari kwa sababu, alisema, anaenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kuendesha gari kwa ubavu. Ebenyo, mtoto wa baba yangu mdogo, alikuwa nje akikaza nati za magurudumu, na jua la Lodwar lilikuwa bado halijawa kali. Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Haya ninayosimulia mengi niliyaona mwenyewe. Nisiyoyaona nimeyapata kwa Ebenyo, na Ebenyo si mtu wa kutia chumvi.

Watu wa kwetu walimjua Ebenyo kabla hawajajua drifti ni kitu gani. Alianzia kwenye uwanja mtupu nje ya mji, na Toyota kuukuu nyeupe. Anavuta breki ya mkono, mkia wa gari unahama, gari linateleza upande upande huku pua ikitazama kwingine. Wazee walisema lile gari limelewa. Baadaye akawa anaitwa Nairobi, Nakuru, hata Kampala, jina lake limeandikwa mlangoni mwa gari kwa rangi nyekundu. Ikawa ndiyo kazi yake, hana nyingine.

Pal alikulia kambini Kakuma. Mama yake, Nyakong, alivuka mpaka kutoka Sudan Kusini akiwa amembeba mgongoni, na hakubakiwa na mtoto mwingine. Vijana hawa walikutana kwenye gereji hapa Lodwar, na tangu hapo ukimwona mmoja ulijua mwenzake yuko nyuma. Toyota ya Pal ilikuwa ya buluu. Walichopenda zaidi ni drifti ya wawili: gari moja linaongoza, la pili linalifuata kwa karibu sana, likiiga kila linachofanya. Kisha wanabadilishana. Hiyo ndiyo sheria ya mchezo. Lakini mwenye jina alikuwa Ebenyo, watu walikuja kumwona yeye, na mara nyingi zamu ya Pal haikufika.

"Leo wacha niongoze," Pal alimwambia pale dukani. "Mama anakuja kuangalia. Hajawahi kuniona mbele."

"Raundi ya pili," Ebenyo akasema. "Ya kwanza wanataka kuniona mimi."

Pal akacheka, akamaliza chai.

Onyesho lilikuwa nje ya Kakuma, upande wa Lopur, kwenye uwanda mkavu kando ya laga, mto wa msimu ambao siku nyingi ni mchanga mtupu. Wachungaji waliacha mbuzi wao wakaja. Watu wa kambini walikuja na watoto na miavuli. Nilisimama karibu na Nyakong, mwanamke mrefu, mkimya, aliyevaa gauni lake la kanisani.

Ebenyo aliongoza. Watu walipiga vigelegele, naye akasogea karibu na ukingo wa laga, karibu kuliko walivyokubaliana. Aliniambia baadaye kwamba ni vile vigelegele. Mafuriko yalikuwa yamekula udongo chini ya ukingo, juu pakabaki ganda tu. Ganda lilimbeba Ebenyo. Halikumbeba aliyemfuata katika vumbi lake.

Pal alikufa kabla vumbi halijatulia.

Nyakong hakulia pale. Alishuka ndani ya laga, akakaa mchangani, akaweka kichwa cha mwanawe mapajani na kumfuta vumbi usoni kwa pindo la gauni. Ebenyo alisimama juu ya ukingo, mikono imemning'inia, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Tulimzika Pal kambini. Gari la buluu lilikatwakatwa, likauzwa vyuma chakavu. Nililiona kwa macho yangu likipakiwa kwenye lori vipande vipande.

Ebenyo alikaa miezi bila kugusa usukani. Halafu mashindano makubwa ya Nairobi yakaita, nami ndiye niliyemwambia aende, pengine kazi itampunguzia. Alienda. Akashinda raundi za kwanza. Kwenye raundi ya wawili, mpinzani aliyepangiwa kumfuata alisimama katikati ya uwanja, akashuka, akavua kofia ya chuma.

"Siwezi kukufuata," alimwambia Ebenyo kwa sauti ya chini, ili waamuzi wasisikie. "Kuna gari katikati yetu."

Waliorudia kutazama picha za video hawakuona gari. Waliona moshi wa matairi. Ulikuwa unatoka mahali pawili.

Wapinzani wakaanza kumkwepa. Mmoja alijitoa kwa kusema anaumwa tumbo, mwingine hakusema sababu. Ebenyo akarudi Lodwar, amekonda. Siku moja alinipeleka kwenye ule uwanja mtupu alikoanzia, akazunguka duara moja tu mchana kweupe, akazima gari. Akaniashiria nitazame chini. Alama za matairi yake zilikuwa pale. Nyuma yake, zikiiga kila kona, kulikuwa na alama nyingine.

"Ananifuata," akasema. "Hanigusi. Ananifuata tu, dada."

Tulienda Kakuma kwa Nyakong, kwa kuwa hatukujua pengine pa kwenda. Alitukaribisha, akatupa maji, akamsikiliza Ebenyo hadi mwisho bila kupepesa macho. Nilidhani atatufukuza.

"Kijana yangu alikuwa anataka kuenda mbele," akasema. "Mpe zamu yake. Na mimi nataka kumuona."

"Mama, naogopa," Ebenyo akamwambia.

"Mimi pia."

Basi tukaenda Lopur, sisi watatu. Ilikuwa saa za adhuhuri, jua limesimama utosini, hakuna mchungaji, hakuna ndege. Nyakong alinishika mkono. Ebenyo akawasha gari.

Aliingia kwenye duara la kwanza, na vumbi lake likapanda. Nyuma ya vumbi lake likapanda jingine. Nililiona. Halikuwa kimbunga. Lilikata kona pale alipokata. Lilipunguza mwendo alipopunguza. Ndani yake hamkuwa na kitu, ila mngurumo. Vidole vya Nyakong vilinikaza.

"Ni yeye," akanong'ona.

Ebenyo akasogea pembeni, kama wanavyofanya kupisha mwenzao. Vumbi likampita. Sasa lilikuwa mbele.

Akalifuata. Sijawahi kumwona akiendesha vile. Duara baada ya duara, laini, bila kosa, Toyota nyeupe nyuma ya vumbi lisilo na gari. Nyakong alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtiririka. Nami, Mungu anisamehe, niliona ni kitu kizuri.

Kisha vumbi likanyooka. Likaelekea laga.

Ebenyo akalifuata.

Nilimwita. Hakusikia. Aliniambia baadaye kwamba hakuona laga, hakuona jua. Aliona taa mbili nyekundu za nyuma, karibu sana, na mkono nje ya dirisha ukimwita.

Nyakong aliniachia mkono. Alikimbia. Mwanamke wa umri ule, pekupeku juu ya mawe ya moto. Akafika ukingoni kabla yao. Akageuka. Akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kusema kwa Kinuer, lugha ya kwao, polepole, kama mtu anayemwongelesha mtoto aliyeamka vibaya. Vumbi likamfikia. Likamfunika.

Mngurumo ukakoma.

Gari la Ebenyo lilisimama limemgusa gauni. Yeye alikuwa ndani, analia, mikono imeng'ang'ania usukani. Ilibidi nimfungue kidole kimoja kimoja.

"Ulimwambia nini?" nilimuuliza Nyakong tulipokuwa tunarudi.

"Nilimwambia, huyu mwache. Ana mama yake pia." Akafuta vumbi usoni. "Nikamwambia aje nyumbani."

Ebenyo hajashindana tena. Anaendesha lori la maji kati ya Lodwar na Katilu, taratibu, na hakuna vumbi la pili nyuma yake. Nimelitazama mara nyingi. Jina lake limebaki mlangoni mwa ile Toyota nyeupe, ambayo imekaa nyuma ya duka langu bila magurudumu. Akiulizwa kuhusu drifti, hujibu kwamba aliwahi kuipenda.

Juzi tulimpelekea Nyakong unga na sukari. Ua wake umezungushiwa miiba, na mwanya wa kuingilia unapitisha mtu mmoja tu, tena kwa ubavu. Anafagia kila asubuhi. Katikati ya ua uliofagiwa kulikuwa na doa jeusi, la ukubwa wa sinia. Ebenyo aliinama, akaligusa, akanusa kidole. Ilikuwa oili ya injini, bado ina joto.

"Nafukia na mchanga," Nyakong akasema. "Kesho inarudi."

Hakuonekana kuogopa. Alituonyesha kwa ufagio mahali lilipoanzia, kule kwenye miiba, kisha lilipokuwa wiki iliyopita, karibu na jiko. Hatua chache zaidi litafika chini ya dirisha lake, upande wenye kitanda.

Dirisha lile zamani lilikuwa linafungwa kwa ubao. Sasa ameling'oa ubao.