Maji ya Kitheka

Tairi ilipasuka wakiwa mbali kupita Mutha, na pikapu ikaacha njia. Iligonga kichuguu, ikapinduka mara mbili, ikalala ubavu ndani ya korongo kavu. Vumbi lilipotulia, Ngure alijikuta amekaa chini ya mgunga, damu ikimtiririka sikioni, haelewi alitokaje ndani ya gari.

"Ngure!" Sauti ya Kitheka, mwenzake wa safari, ilitoka upande wa pili. "Bwana, mguu wangu umebanwa."

Ngure aling'oa mojawapo ya nguzo za sola walizokuwa wakipeleka kwenye kisima, akaitumia kuinua mlango, akamvuta mwenzake. Mfupa ulikuwa umetokeza chini ya goti. Aliufunga kwa shati lake na vipande viwili vya mbao. Kitheka aliuma mkanda wake, hakulia.

Mtungi wa maji ulikuwa umepasuka, na mchanga ulikwisha kuyanywa. Chupa moja tu ndiyo iliyosalia. Simu hazikuwa na netiwaki.

"Tairi ilikuwa mpya," Kitheka alisema, kana kwamba kuna mtu wa kumlalamikia. "Na asubuhi niliomba kabla tuondoke. Wewe ulinisikia."

Ngure alikaza fundo la shati mguuni. Alikuwa fundi wa pampu kutoka Emali, na kwa mambo ya namna hiyo alikuwa na neno moja tu, nalo alilificha. Mkewe, Shiru, alitoka kwenda kununua maziwa, akagongwa na lori lililokatika breki, akafa. Tangu siku hiyo Ngure alisema moyoni kwamba dunia haina mwenyewe. Mwema na mbaya wote wanasagwa na jiwe lile lile.

Walingoja gari lipite. Halikupita. Asubuhi iliyofuata midomo ya Kitheka ilikuwa imepasuka, na mguu umevimba ukawa mweusi.

"Nenda utafute watu," alisema. "Jua likiwa mgongoni kwako, utafika Mutha. Maji tugawane."

"Sawa. Pumzika kwanza."

Kitheka akafumba macho. Ngure alisimama juu yake na chupa mkononi, akaitazama kwa muda mrefu. Mwenye miguu ndiye mwenye haja ya maji, alijiambia. Huyu hata akinywa, hafiki jioni. Akaondoka na chupa yote.

Aliiacha njia ili akate mkato, akatembea kwenye kichaka cha kijivu kisicho na mwisho, miiba ikimrarua mikono. Alikunywa kidogo, kisha akanywa tena, kisha chupa ikawa tupu. Jua lilipofika utosini hakujua tena lilitoka wapi. Ulimi ulimjaa mdomoni kama kitambaa. Mara akaona kinyesi cha mbuzi, bado kibichi, akakifuata akijikwaa mpaka kwenye mto wa mchanga.

Mama mmoja alikuwa ndani ya shimo hadi mabegani, akichota maji kwa kata. Punda wake alisimama ukingoni na mitungi miwili, mmoja kila ubavu. Baadaye Ngure alijua jina la mama huyo, Mbithe. Wakati ule aliona kata tu.

"Polepole," mama alisema, akimshika kisogo. "Kidogo kidogo, utatapika."

Alimnywesha, akamngoja, akamnywesha tena. Kisha akamwuliza, "Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Jibu lilitoka kabla hajalifikiria. Kitheka amekufa, alijiambia. Na kama hajafa, atauliza chupa iko wapi.

"Huwezi kutembea," Mbithe alisema. "Utapanda punda. Kwetu si karibu."

Alifungua mtungi wa kwanza, akaanza kuyamwaga maji aliyoyachota asubuhi nzima, ili punda aweze kumbeba mtu asiyemjua. Ngure aliyatazama yakizama mchangani.

"Ngoja, mama," alisema. "Usimwage yote. Kuna mtu mwingine."

Mbithe alisimamisha mkono. Alimtazama usoni, na Ngure akainamisha kichwa. Alingoja kutukanwa. Mama akarudi shimoni, akaanza kuujaza mtungi upya.

"Mahali gani?" alisema tu.

Walifuata nyayo za Ngure mwenyewe, naye akijikokota huku ameshikilia shingo ya punda. Njiani Ngure aliuliza, "Mama, mbona ulimwaga maji yako kwa ajili yangu? Hunijui."

"Ulikuwa na kiu."

"Hiyo tu?"

"Kiangazi kilimaliza ng'ombe zangu zote. Jirani yangu, mlevi, hakupoteza hata mbuzi. Niliuliza kwa nini mpaka nikachoka." Alimchapa punda kidogo. "Lakini mtu akija na kiu, hapo sina swali. Hapo najua la kufanya."

Kitheka alikuwa amejiburuta hadi kwenye kivuli cha gari. Nzi walimjaa mguuni. Ngure alidhani amechelewa, ndipo akaona kifua kikiinuka. Alimdondoshea maji mdomoni tone kwa tone.

"Umerudi," Kitheka alinong'ona.

"Niliiba maji yako."

"Nilikuona. Sikuwa nimelala."

"Mbona hukuniita?"

Kitheka alimeza kwa taabu. "Ungesimama, ungenigawia kwa sababu ya aibu, na tungekufa wote wawili. Nilifumba macho uende bila kunitazama."

Ngure alifunika uso kwa mikono yake iliyotapakaa damu. Angepigwa makofi, angepata nafuu.

Walitengeneza machela kwa nguzo za sola na turubai, Ngure akaweka ncha za mbele mabegani, za nyuma zikiburutika mchangani, na punda akamsaidia kuvuta kwa kamba kila palipokuwa na mwinuko. Mabega ya Ngure yalichunika. Mbithe alipotaka kumpokea, alikataa. Jua likielekea kutua walifika barabara kubwa, na gari la wafanyabiashara wa mbuzi likawachukua hadi hospitali ya Mutomo. Mguu ulikuwa umeshaoza. Ulikatwa juu ya goti.

Mwongeli, mke wa Kitheka, alifika kutoka Mbumbuni. Alimshika Ngure mikono yote miwili mbele ya watu waliojaa kwenye baraza. "Wamesema ulimbeba. Mungu akubariki, kaka."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Mbithe alikwisha kurudi kwao bila kumwambia mtu lolote, na Kitheka asingesema kamwe.

"Usinishukuru," Ngure alisema. "Nilimwacha. Nilichukua maji yote, na nilipoulizwa, nilisema niko peke yangu. Labda mguu ungepona."

Mwongeli aliachia mikono yake. Akaingia wodini, mlango ukafungwa.

Ngure alibaki kwenye benchi. Njia ya Emali ilikuwa wazi, na hakuna aliyemzuia. Alikaa tu, aibu ikiwa imemlalia kama mzigo usio na mahali pa kutuliwa.

Baada ya muda mrefu mlango ulifunguliwa. Macho ya Mwongeli yalikuwa mekundu, na hakumtazama usoni.

"Anataka kugeuzwa," alisema. "Ni mzito. Njoo ushike upande ule."

Ngure aliinuka, akanawa mikono, akaingia.