Viazi vya Bibi Stamata

Kila Jumatano Argyro alijua kinachomngoja mezani kabla hata hajafungua mlango wa nyumba yao mjini Agrinio. Dengu. Wiki iliyopita dengu, wiki ile nyingine dengu, na leo tena sufuria ilikuwa juu ya jiko imefunikwa sahani, dengu zimelowekwa humo zikimngoja Mama azipike. Alitupa begi la shule kitini, akainua sahani, akachungulia.

"Sili!" alisema kwa hasira. "Nimechoka! Nina miaka kumi na miwili, nikifika ishirini nitakuwa nimeota dengu masikioni!"

Mdogo wake Marika, mwenye miaka saba, alicheka mpaka akadondosha penseli.

Sababu ya dengu zile ilikuwa Bibi Stamata, mama yake baba. Watu wengi wa pale hawali nyama Jumatano na Ijumaa, siku za mfungo wa kanisa lao, wengine kwa bidii, wengine wakikumbuka. Kwa Bibi Stamata haikuwa mchezo, ilikuwa nadhiri. Miaka sita nyuma mwanawe, fundi mwashi, alianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, na madaktari wakasema huenda asitembee tena. Bibi alipiga magoti akaahidi kwamba mwanawe akisimama, yeye hatagusa nyama Jumatano wala Ijumaa hadi siku ya kufa kwake. Baba alisimama. Sasa alikuwa kazini katika kisiwa kimoja, akipanda ngazi kama kawaida, na Bibi hakuwahi kuivunja ahadi yake hata mara moja.

Mama naye, akitoka kwenye kazi yake ya kufua nguo za hoteli, hakuwa na nguvu za kupika vyungu viwili. Basi nyumba nzima ilifunga.

"Nadhiri ni ya Bibi, njaa ni yangu," Argyro alinung'unika. Akafungua friji. Mapaja sita ya kuku yalikuwa pale, yakisubiri Alhamisi. Mwezi huo tu Mama alikuwa amemruhusu kuwasha oveni peke yake, na Bibi alikuwa kanisani kwenye sala ya jioni. Argyro hakufikiri mara mbili.

Alimenya viazi, akavikata vipande virefu, akavipanga na kuku kwenye sinia moja kubwa la bati. Alitia chumvi, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na maji ya malimau mawili. Kisha akachuma oregano kavu, majani ya kiungo, kutoka kwenye fungu lililoning'inia nyuma ya mlango, akaisugua viganjani juu ya sinia kama alivyomwona Bibi akifanya. Alinawa mikono kwa sabuni, kwa maana kuku mbichi si wa kuchezea, akasukuma sinia ndani ya oveni. Baada ya saa moja hivi harufu ilijaa nyumbani hata Marika akaacha hesabu zake na kuja kukaa mbele ya oveni.

Mama na Bibi walikutana mlangoni wakaingia pamoja. Mama alisimama katikati ya jikoni bila hata kuvua koti.

"Argyro! Kuku? Leo?"

"Leo, ndiyo! Kwani kosa liko wapi? Kila wiki tunalishwa dengu kama wafungwa!"

"Na bibi yako atakula nini, dengu bado mbichi, we mtoto usiye na adabu?"

"Mwache," Bibi alisema akifungua kitambaa chake cha kichwa. "Mimi sijamkataza mtu kula. Nipeni mkate na zeituni, yatosha."

Maneno hayo ya upole yalimchoma Argyro kuliko makaripio. Alikuwa amejitesa saa nzima, na sasa alionekana mtoto mbaya anayemnyima bibi yake chakula. Mdomo ukatangulia akili.

"Bibi nimempikia viazi vyake! Kando!"

Haikuwa kweli. Lakini alikwishasema. Mama na Bibi waliposhughulika kunawa, alichota viazi kutoka pembeni mwa sinia, akavifuta mafuta kwa karatasi, akaviweka kwenye bakuli la buluu. Marika alimtazama. Argyro alimkazia macho, na Marika akanyamaza.

Bibi alikula kwa furaha iliyomtia Argyro joto la aibu.

"Viazi gani hivi, jamani! Unaona, mama Argyro? Unasema hajali, kumbe mtoto amenikumbuka." Akaongeza tena. Argyro alikata kuku wake vipande vidogo vidogo bila kupeleka hata kimoja mdomoni.

Ghafla Bibi aliacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kipande chembamba cha ngozi ya kuku, akakiweka ukingoni mwa sahani.

"Argyro. Viazi hivi vimepikwa wapi?"

"Labda... labda kijiko kimechanganya."

"Nimekuuliza vimepikwa wapi."

Argyro akalipuka. "Kwenye sinia lile lile! Haya! Ni mafuta kidogo tu, Bibi! Hata padri alikwambia kwa umri wako upumzike kufunga! Mungu ana kazi nyingi, hawezi kuhesabu matone ya mafuta!"

"Argyro!" Mama alianza kufoka, "Yaani huna haya!" lakini Bibi aliinua mkono, akasimama.

"Mafuta yangeniingia kwa bahati mbaya, ningenawa mdomo nikalala usingizi. Lakini wewe umekaa hapo, umenitazama nikimeza, nikikusifu, ukanyamaza! Nadhiri ni yangu. Mdomo ni wangu. Nani amekupa ruhusa ya kuniamulia? Ungesema, 'Bibi, nataka kuku,' ningekusugulia oregano mimi mwenyewe. Leo umenilisha uongo. Kesho nitakulaje mikononi mwako?"

Argyro alianza kulia.

"Nisamehe, Bibi. Niliona aibu kwamba sikukufikiria."

"Aibu ile ilikuwa ndogo," Mama alisema. "Ungeisema, ingekwisha pale pale. Uongo ndio umeilea mpaka ikawa kubwa namna hii. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Argyro aliacha kuku wake apoe. Alimenya viazi vingine, akatoa sinia dogo lililokuwa safi, akaliosha tena hata hivyo, akavipika bila kuku. Mama aliamua kwamba tangu wiki ijayo Jumatano kutakuwa na masinia mawili, na mpishi wa yote mawili atakuwa Argyro, apende asipende.

Viazi vilipoiva, alivileta mezani kwa mikono miwili. Bibi alishika uma, akamtazama.

"Hivi vimepikwa wapi?"

"Kwenye sinia jingine safi, Bibi. Bila kuku. Njoo jikoni uone."

Bibi Stamata hakuinuka kwenda kuangalia.

"Umeshasema," alijibu, akaanza kula.