Shangazi Alisema Mengi, Mimi Nikatafsiri Machache

Nina umri wa miaka arobaini na mbili, nina mke na watoto wanne, na ninaishi Musoma mjini. Wanaonifahamu wananiita Bwana Mratibu mpaka leo, ingawa kazi hiyo niliiacha. Kila nikiitwa hivyo natazama chini. Wao wanadhani ni unyenyekevu... laiti wangejua! Naombeni wasomaji wenzangu mnisikilize mpaka mwisho, halafu mnihukumu mtakavyo.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha ziwani, upande wa Bukima. Mama alifariki nikiwa bado natambaa, baba akaoa tena na kuhamia mbali. Aliyenilea ni shangazi yangu Nyanjura, dada yake baba, mjane aliyekuwa na binti mmoja tu, Nyangeta. Shangazi alianika dagaa, akawapakia mtumbwini na kwenda kuwauza Mwigobero, sokoni pale Musoma. Dagaa hao ndio walionisomesha sekondari na chuo. Kiingereza changu chote kilitoka katika karai la shangazi.

Nilipomaliza chuo cha maendeleo ya jamii niliajiriwa na mradi wa maji uliofadhiliwa kutoka nje. Ulikuwa wakati wa shida, wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Sabuni hakuna, sukari ya foleni, tairi ya baiskeli mpaka uwe na kibali. Katikati ya shida hizo sisi tulichimba visima vya pampu za mkono huko Bunda, Butiama na katika vijiji vya ziwani.

Kisima cha kijijini kwetu nilikisimamia mwenyewe. Nyangeta, wakati huo ana miaka kumi na tisa, alichaguliwa na kamati kuwa mlinzi wake. Alifagia, alifunga pampu kwa mnyororo kila mchana ili maji yajae tena kisimani, alikemea hata wazee waliosukuma kwa fujo. Wanawake wakaacha kuchota ziwani, ambako mamba walikuwa wamekwisha kuchukua watu.

Sasa sikilizeni uovu wangu ulikoanzia. Ndani ya pampu ile kuna vipande viwili vya ngozi, vya mviringo, ndivyo vinavyovuta maji. Vikichakaa, pampu inabaki kukohoa tu. Vya kwetu vilichakaa, vya Bunda vikachakaa, na madukani havikuwepo. Fundi viatu mmoja alituchongea vingine kwa ngozi ya ng'ombe, vikavimba na kuchanika kabla ya wiki kwisha. Ilinipasa niwaandikie wafadhili ukweli, watume vipya. Sikuandika. Niliandika kwamba visima vyote vinafanya kazi.

Kwa nini? Kwa sababu mkuu wetu Mzungu alikuwa amesharudi kwao, na wageni kutoka kwa wafadhili walikuwa wanakuja kuamua kama mradi uongozwe na sisi wenyeji au ufungwe. Mimi ndiye niliyetajwa kuwa mratibu. Nikawaambia wenzangu ofisini kwamba wageni wakikuta pampu zimekufa watasema Waafrika hatuwezi, na sote tutarudi nyumbani bila kazi. Maneno hayo hayakuwa uongo mtupu. Lakini moyoni nilikuwa nakiona kiti cha mbele cha gari la mradi...

Ngozi zilizobaki nzima zilikuwa za kisima kimoja tu, cha Butiama, karibu na barabara wanakopita wakubwa. Wageni walizunguka siku tatu, na ngozi zile nazo zikazunguka. Jumatatu wageni walikunywa maji Butiama. Jumanne wakanywa Bunda, kwa ngozi zilezile. Jumatano alfajiri mimi na fundi tukazifunga kijijini kwetu.

Pampu iliyokuwa imelala miezi minne ikatoa maji! Watoto wakaruka, Nyangeta akanishika mikono yote miwili na kunishukuru. Sikumwambia kwamba kesho yake tungezichomoa na kuzirudisha Butiama. Fundi, ambaye hakuwa na moyo mgumu kama wangu, alimnong'oneza shangazi.

Mkutano ulifanyika palepale kisimani. Wageni walikuwa wawili, mume na mke, watu wapole kabisa. Hawakujua Kiswahili, sembuse Kijita, lugha yetu ya nyumbani, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Yule mama wa Kizungu akauliza akina mama wanasemaje kuhusu kisima chao. Shangazi akasimama, amevaa kanga yake ya kanisani.

Alisema polepole, kwa Kijita, akinipa nafasi ya kutafsiri. Alisema kisima kilikuwa kimekufa tangu kabla ya mavuno na wanawake wamerudi ziwani kwenye mamba. Alisema maji ya leo ni ya kuazima, kesho yataondoka pamoja na ngozi. Alisema hawaombi kisima kipya, wanaomba ngozi ibaki. Alisema yeye ana binti mmoja tu. Mwisho akasema kwamba mimi ni mwanawe, sina kosa, shida ni ya nchi nzima, wasije wakanikasirikia.

Akakaa. Watu wote wakanitazama. Nami nikasimama wima, nikasema kwa Kiingereza safi kwamba mama huyu anawashukuru sana na kwamba maji ni matamu.

Wageni wakapiga makofi. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye mwingine pekee aliyekijua Kiingereza pale, akatazama viatu vyake, kwani nilikuwa nimemwahidi saruji ya darasa.

Wageni walipokuwa wakiingia garini, shangazi akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mbona mimi nimesema mengi, wewe umesema kidogo?"

"Kizungu ni kifupi, shangazi."

"Kinakuwaga kifupi hivyo?"

"Ndiyo, shangazi."

Akaenda nyumbani kwake kunifungia sato wawili wakavu niende nao mjini. Niliwapokea. Tena niliwala!

Asubuhi tukazichomoa ngozi. Nyangeta alisimama pembeni na ufunguo wa mnyororo mkononi, akaniuliza sasa alinde nini. Nilimwambia avumilie, ngozi mpya ziko njiani. Hakukuwa na ngozi yoyote njiani.

Barua ya kunipa uratibu ilifika mwezi uliofuata. Tulikuwa tumechinja mbuzi uani kwa ofisi, wenzangu wananipongeza, alipoingia mtu wa kwetu na baiskeli, jasho linamtiririka. Hata salamu hakutoa. Alisema Nyangeta alikwenda kuchota ziwani mchana wa jana, na wenzake waliokuwa nyuma yake walisikia kelele moja tu... Kilichopatikana ni ndoo na kanga. Hiyo kanga ndiyo tuliyoizika.

Nilikwenda msibani na gari la mradi, nimekaa kiti cha mbele. Wazee wakaniondolea watu nipite, wakanishukuru kwa mbao na sukari nilizoleta. Nani katika hali hiyo angesimama na kusema ukweli? Mtu mwema angesimama. Mimi nilikaa, nikanywa chai yao.

Miaka miwili ikapita. Mambo yakafunguliwa, kila kitu ruksa, maduka yakajaa mitumba na sabuni za rangi. Siku moja napita karibu na Mwigobero, nikaziona ngozi mpya za pampu, za aina ileile, zimetundikwa kwenye waya, katikati ya ndara na betri za redio. Nilizinunua. Nikalia mbele ya muuzaji, naye akanipa stuli nikae.

Siku hiyohiyo nikaenda kijijini. Nilimkuta shangazi anaanika dagaa. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikapiga magoti palepale mchangani na kumweleza yote. Hakuacha kuwatandaza dagaa.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Mtu akiambiwa kisima kimekufa anapigaga makofi?"

Nikamuuliza ilikuwaje basi akanifungia samaki.

"Ulikuwa unasafiri," akasema.

Kisha akanawa mikono, akanipeleka kisimani. Akaniambia nisimame mahali nilipokuwa nimesimama siku ile, na niseme kwa Kizungu alichokuwa amesema yeye. Nikasema wote waliotakiwa kusikia wamekwisha kuondoka. Akaniambia niseme.

Nikaanza. Kisima kilichokufa, mamba, maji ya kuazima, ngozi ibaki. Nilipofika kwenye binti mmoja nilitaka kuishia hapo, yeye akangoja. Nikalazimika kumaliza mpaka pale alipowaomba wageni wasinikasirikie. Sijawahi kuona haya kama siku ile maishani mwangu.

"Kumbe nacho ni kirefu," akasema shangazi. "Haya, funga hizo ngozi."

Nilizifunga. Mwezi ule niliwaandikia wafadhili kila kitu, nikaacha kazi. Wenyeji wenzangu wanaendesha mradi vizuri mpaka sasa, na hakuna aliyefukuzwa kwa ajili ya pampu kuharibika. Ina maana niliyoyaogopa hayakuwepo.

Ndugu msomaji, huenda nawe umesoma kwa jasho la wengine, na sasa umewekwa katikati, watu wako huku na wageni kule. Nakusihi, usiyapunguze maneno yao. Yatafsiri yote, hata yale yatakayokuumbua, hata kama cheo kitapotea. Mimi nilipata cheo, na nyumba ya shangazi yangu ikabaki na mtu mmoja.

Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijathubutu kuuliza. Kamati imemwomba mara nyingi achague mlinzi mwingine wa kisima, anakataa. Kila mchana huenda mwenyewe kufunga mnyororo, na ufunguo anauvaa shingoni.