Kadi ya Sigat

Boti ya kujiokolea ilikuwa imeshauacha mtambo wa gesi wa baharini mita mia nne nyuma, gesi ikinguruma juu ya kisima, Manggai alipogundua kwamba Sigat hayumo. Alipitisha macho viti vyote kutoka kwenye usukani. Kile cha karibu na mlango kilikuwa kitupu.

Sababu aliijua yeye peke yake. King'ora kikilia, kila mtu hugeuza kadi yake ubaoni kuonyesha amefika, na boti haishushwi mpaka kadi zote ishirini na tisa zigeuzwe. Jumapili zote za mazoezi Sigat huchelewa akimalizia sigara, na Manggai, waliyezaliwa naye nyumba moja ndefu ya familia nyingi kule mto Baram, humgeuzia. Mazoea yana taabu. Asubuhi hii mkono ulimgeuzia tena bila kukiuliza kichwa.

"Bosi, kadi ya Sigat niliigeuza mimi. Tumemwacha."

Suhaimi, msimamizi, alimtukana kwanza. Kisha akamwamuru asonge mbele: cheche moja ya injini ndani ya ile gesi, watu ishirini na wanane waungue kwa ajili ya mvuta sigara mmoja. Hakusema uongo. Manggai akakata usukani hivyo hivyo kurudi mtamboni.

"Nasimama upande upepo unakotoka, nazima injini. Kamba itamfuata yenyewe."

"Tukifika bandarini Miri huna kazi."

"Tufike kwanza, bosi."

Wengine walimpigia kelele aigeuze boti waondoke. Mzee Sabri, mpishi, alifungua mkanda wake akaenda kutafuta kamba. Alisema mtu aliyekula wali wake asubuhi hawezi kuachwa hivi hivi.

Injini ikazimwa. Ndani kulinuka matapishi na joto lilibana vifua, huku wanne wakipiga makasia kuizuia boti isisukumwe kwenye gesi. Sigat alining'inia kwenye mguu wa mtambo, mweusi kwa tope la kisima. Boya lililofungwa kwenye kamba likaelea kumfuata, likakaribia, kisha kamba ikaisha. Zilibaki hatua kumi.

Suhaimi alichomoa kisu. Akakata mkanda wa kiti chake, akauunga kwenye kamba, akanyoosha mkono nyuma. Mikanda mingine ikaja.

Sigat akaruka.

Walimvuta, wakapiga makasia mpaka viganja vikatoka damu, ndipo Manggai akathubutu kuwasha injini. Walikuwa mbali kilomita moja mtambo ulipolipuka. Hakuna aliyeshangilia.

Meli ya mizigo iliwaopoa mchana. Mlangoni palikuwa na ubao, na baharia aliyeandika majina yao kwenye kadi ili kila mmoja aigeuze yake akiingia. Viganja vya Sigat vilikuwa vimechunika, kadi ikamponyoka mara mbili. Manggai akanyoosha mkono kumsaidia.

"Iache," Sigat akasema. "Hiyo nageuza mwenyewe."

Ilimchukua muda mrefu. Watu ishirini na wanane walisimama juani wakamsubiri, Suhaimi akiwa wa mwisho kwenye foleni.